Mzabibu Ulioshiba Iyula

Loisi wa Iyula, kule Mbozi, hakuwahi kuwa na siri. Akiota ndoto, majirani walikuwa wameshaisikia kabla chai haijachemka, na mumewe Osea, mtu mpole aliyependa kahawa yake na ukimya, alikuwa akisema kwamba siku Mungu alipogawa midomo, mkewe alipanga foleni mara mbili. Basi mfikirie mwanamke huyo, mwaka 1977, akitumwa na akina mama wa UWT kwenda semina Dodoma. Alirudi na vipande vya mzabibu vilivyoviringishwa kwenye khanga iliyolowa maji, na kwa mwezi mzima hakuwa na habari nyingine mdomoni.

Alikuwa ameonja zabibu. Nyeusi, tamu, aina ambayo wenyewe huko wanaiita Makutupora, zimebanana kwenye kichala kama watoto wa nguruwe wanaogombea ziwa. Lakini kilichomshangaza zaidi ni nchi yenyewe. Kukavu, mchanga mtupu, mbuzi wanagombania kivuli cha mti usio na majani! Akapiga hesabu zake. Kama mzabibu unazaa hivi kwenye ukame ule, je, Iyula, ambako ukichomeka fimbo asubuhi jioni unaikuta imechipua? Si zabibu zitawaangukia watu vichwani?

Akaupanda jinsi mtu wa Mbozi anavyopanda kitu anachokipenda, yaani kama kahawa. Akauweka katikati ya migomba upate kivuli. Akaumwagia samadi ndoo kwa ndoo, akautandikia majani makavu ya mgomba, na maji hakuunyima. Bwana shamba Danford, kijana aliyekuwa amefanya kazi huko huko Dodoma, alipopita akasimama, akacheka mpaka akashika mgomba asianguke. Akamweleza mama Loisi kwamba mti huu unataka jua, mchanga na kiu; mvua zikiisha unakatwa matawi, unaachwa uone shida, ndipo unakumbuka kuzaa. Ukishiba unazaa majani tu, na yale maua machache yatamalizwa na ukungu. Hata kahawa hii ya kwenu, alisema, ukiipeleka Dodoma haitamaliza kiangazi kimoja, na hakuna wa kumlaumu. Loisi alimsikiliza kwa heshima zote, akamkaribisha chai na viazi, na alipoondoka akaongeza samadi. Kumnyima mgeni chakula, alimwambia Osea, si desturi ya nyumba hii.

Mzabibu ukanenepa jamani! Ulipanda migomba, ukahamia jikoni, ukatambaa juu ya paa, ukaingia bandani kwa kuku. Watu walitoka mpaka Ihanda kuja kuutazama. Maua yalipokuja yalikuja na mvua za Desemba, ukungu wa Iyula ukakaa juu yake wiki nzima, yakaota unga mweupe kama mtu aliyetoka kutwanga, kisha yakapukutika yote. Loisi akasema mti bado mchanga.

Siku hizo ndipo wifi yake Ketrina alipokuja kuwasalimia. Ketrina alikuwa dada yake Osea, aliyeolewa Msangano, kule chini bondeni kwenye joto, na utani wa mawifi hawa wawili ulikuwa mkali kuliko jua la huko. Aliomba vipande viwili vitatu vya mzabibu. Loisi akampa huku akicheka.

"Kavipande huko jangwani kwenu," alimwambia. "Vikizaa kabla ya vyangu, nitakubeba mgongoni kwa mbeleko mpaka benchi la mbele kanisani."

Ketrina, ambaye hata wakati ule alikuwa na mwili wa kuheshimika, akasema basi atajitahidi kula.

Kisha ikaja vita ya Idi Amin, na nyuma ya vita njaa ya vitu madukani. Sabuni ikawa hadithi. Divai ya Meza ya Bwana nayo ikapotea, na mwanzoni mwa mwaka 1980 Mchungaji Ambilikile alitangaza kwamba chupa iliyobaki itafika Pasaka, na baada ya hapo hajui. Kanisa likanyamaza. Loisi, asiyeweza kuona ukimya bila kuujaza, akasimama.

"Krismasi ijayo," alisema, "mtakunywa divai ya Iyula."

Vigelegele vikapasua paa. Osea akainama kama mtu aliyedondosha sindano.

Mdomo uliponza kichwa. Mwaka ukasonga, na kila asubuhi Loisi alizunguka mti wake akifunua jani moja moja, akakuta nyuma yake jani jingine. Septemba ilipofika alikuwa hana hata punje ya kumpa kuku. Alikosa hamu ya kula. Akaacha kusimulia ndoto zake, na majirani, kwa kuukosa mdomo ule, wakaanza kumwombea wakidhani ni mgonjwa. Aliogopa kweli. Watu walikuwa wameacha kutafuta divai kwingine kwa sababu yake.

Ndipo siku moja lori la Yahaya wa Tunduma likasimama njiani, akashuka Ketrina, ambaye habari za ahadi ile zilikuwa zimemfikia Msangano, akiwa na matenga mawili yaliyofunikwa. Yahaya alikuwa amedai nauli yake kwa kichala, na alikuwa akitafuna huku akisema kwamba zabibu ni halali yake kabisa, ila zikishaingia mtungini ni shauri lao. Ketrina alimsubiri Loisi afunue mwenyewe.

Zabibu nyeusi, tenga zima! Loisi alikaa chini hapo hapo kwenye vumbi.

Alipouliza ameutunzaje, Ketrina akaona haya. Hakuutunza. Aliuchomeka nyuma ya nyumba kwenye mchanga, akausahau. Kila kiangazi mbuzi waliula mpaka ukabaki kisiki. Aliwafukuza mara mbili, akachoka. Mwaka huu mbuzi walipomaliza, ukachipua katikati ya kiangazi, bila tone la mvua wala kiwingu, ukazaa. Loisi akayakumbuka maneno ya Danford, akatamani arudi amkaribishe chai mara ya pili.

Wakazikamua pamoja kwenye mtungi. Wote wawili walijua kupika pombe ya ulezi, jambo ambalo Mchungaji alijifanya hajui, na Ketrina alikuwa ameshashika kimea mkononi ndipo wakakumbuka kwamba hii haihitaji. Walicheka mpaka machozi. Halafu Ketrina akafuta mikono.

"Waambie ni zako," alisema. "Mimi nitanyamaza. Wewe ndiye uliyeahidi."

Loisi akafunika mtungi. Neno hilo alitembea nalo mpaka divai ikatulia. Lingemwokoa, na asingejua mtu.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilikuwa limeshaanza kuimba mlango ulipofunguka. Akaingia Loisi, ameinama mpaka pua inakaribia magoti, na mgongoni, ndani ya mbeleko iliyoungwa kwa khanga tatu, yuko Ketrina amekumbatia mtungi. Nyimbo zikakatika benchi baada ya benchi.

"Divai hii ni ya Msangano," Loisi alisema akihema. "Mwenye mzabibu ni huyu niliyembeba. Wa kwangu una majani tu, anayetaka ya kulisha sungura aje achukue."

Kisha Mchungaji Ambilikile, mtu asiyecheka madhabahuni, akaficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika, na kanisa zima likaangua kicheko. Loisi akataka kumshusha wifi yake pale pale mlangoni.

"Songa mbele, wifi," Ketrina alisema kutoka mgongoni. "Uliniahidi benchi la mbele."

Loisi akasonga mbele, akicheka, na aibu aliyoiogopa mwaka mzima hakuiona mahali popote humo ndani.