Mzee Aliyekataa Benchi

Juzi nilikuwa kwenye korido ya mahakama hapa Iringa, nasubiri kesi ya shamba la shemeji. Benchi lilikuwa na nafasi, lakini mzee mmoja mwenye koti zito hakutaka kukaa. Mara anaegemea ukuta, mara anakwenda dirishani, mara anarudi. Akanitia kiwewe.

"Shikamoo mzee. Karibu ukae."

"Marahaba. Niache tu, mwanangu."

Mkewe, tuliyekaa naye, ndiye aliyenieleza. Gogo lilimwangukia mumewe mgongoni kwenye kiwanda cha mbao. Alipodai fidia, wakili wa mwajiri alisema mgonjwa wa mgongo hawezi kusimama wima kutwa nzima mahakamani kama alivyosimama yeye, na hoja ikapita, akanyimwa fidia. Sasa wamekata rufaa.

"Alisimama kwa sababu kukaa ndiko kunakomuua," mama akanong'ona. "Hakuna aliyemuuliza. Na yeye kulia mbele za watu, hawezi."

Walipoitwa, nikaingia nao.

"Mzee, kaa," jaji akasema kwa upole.

Mzee akatii. Akashika kiti kwa mikono miwili, jasho likamtiririka na baridi yote ile. Jaji akaweka kalamu chini, akamtazama, kisha akamgeukia wakili. Wakili akainamia makaratasi yake.

"Inuka, mzee wangu," jaji akasema.

Uamuzi bado. Sisi tunaomkaribisha mgeni kiti kabla ya kumuuliza jina, hatujawahi kumuuliza kama kiti anakiweza. Nilirudi koridoni. Benchi lilikuwa tupu. Sikukaa.