Sweta ya Sufu ya Dada Yangu

Tulipopata kazi ya ualimu Maseno, ambako asubuhi kuna baridi kuliko Kisumu mjini, mimi na dada yangu tulienda soko la Kibuye kutafuta sweta za mitumba. Mimi nilichukua nyekundu iliyonivutia macho. Yeye aliinamia rundo karibu saa nzima, akivuta kila sweta kuona kama itajirudi, akiigeuza kukagua mishono. Mwishowe alichagua ya kijivu, ya sufu tupu. Nilimcheka.

Kabla ya mwaka kuisha, yangu ilikuwa imeota vipele vya nyuzi na kulegea viwikoni. Yake ilionekana mpya, na walimu wenzetu hawakuacha kuisifu. Wivu ulinikaba. Jumamosi moja alipotoka, niliitumbukiza kwenye maji ya moto. Ikatoka imejikunyata, nzito kama blanketi.

“Hukujua sufu haitaki maji moto?” aliniuliza.

“Sikujua.”

Aliikunja taratibu. “Basi itamfaa mtoto wako.”

Binti yangu aliivaa miaka mitatu. Kila nilipomfunga vifungo nilimwonea dada wivu mwingine, wa ule upole wake, na ukweli sijamwambia hadi leo.