Riwaya za Kusomwa Mbele ya Mkwe

Wifi yangu Mathilde husoma riwaya kwenye basi la 71, amesimama, begi katikati ya miguu, na akipitiliza kituo chake hapo Ixelles, huku ughaibuni tunakoishi, humlaumu dereva. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee akifariki, watoto wake huja kuchukua televisheni na saa ya ukutani, vitabu wakaviacha. Mathilde hubeba riwaya, huzisoma, na anazozipenda huzituma kijijini kwetu, milimani juu ya Uvira, ambako kuna chumba chenye rafu mbili kinachoitwa maktaba. Mimi kazi yangu ni kulalamika kwamba koridoni kwake hakuna tena pa kupita.

Siku moja alichagua vibaya. Alituma riwaya nene ya mapenzi iliyomliza yeye mwenyewe ndani ya basi, akasahau kwamba kwetu riwaya haisomwi kimya. Jumamosi watu hukaa kwenye mabenchi, wengi wao wanawake waliotoka shambani, na Mwalimu Mwenze, mtunza maktaba, husoma sentensi ya Kifaransa kisha akaitoa kwa Kiswahili, kama anavyofasiri mahubiri kanisani. Ni hodari mno, mdomo wake hutangulia akili. Kwa hiyo yule bwana wa kwenye riwaya alipoanza kumfungua bibi vifungo vya gauni, Mwenze alikuwa amekwishafasiri vifungo karibu vyote kabla hajatambua anasoma nini. Na kwenye benchi la mbele alikaa Mama Antoinette, mama mkwe wake.

Mtu asiyethubutu hata kutafuna mbele ya mama mkwe amemsomea vifungo. Mama Antoinette alijifunika kitenge usoni, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Pasta Éliézer. Mtama ulishamwagwa kwenye kuku wengi. Chumba ni cha kanisa, na pasta akachukua ufunguo. Baadaye alilegea kidogo, akasema ataliangalia boksi moja la mwisho. Likiwa na aibu nyingine, chumba kitakuwa stoo ya mahindi.

Mathilde alilia jikoni kwangu. Nilimwambia ni vitabu tu, akanigeukia kwa hasira.

"Rolande, mulamu wangu, si vitabu. Kule kwetu, fasi gani ingine mwanamuke anaweza kukaa bila batu kumuuliza eko nafanya nini?"

 Mimi niliondoka kule nikiwa sijawahi kukaa hivyo.

Basi akabuni kipimo chake. Baba yangu, Papa Anaclet, ndiye baba mkwe wa Mathilde, naye anaishi kwao. Kila Jumapili baada ya kanisa Mathilde alimsomea riwaya, sentensi ya Kifaransa, sentensi ya Kiswahili, kama Mwenze. Akiweza kufasiri bila kuinamisha macho, kitabu kinaingia kwenye boksi. Macho yalimshinda mara nyingi. Vilivyopita vilikuwa vitabu vya watoto wenye adabu na paka waliopotea, na baba alikuwa akisinzia kabla paka hajapatikana. Mchagua nazi hupata koroma, nikamwambia, na siku hiyo hakutaka mzaha wangu.

Kulikuwa na riwaya moja aliyoing'ang'ania. Ilihusu mjane mwenye duka la mikate katika mji wa bandari, mkali, mbishi, anayegombana na binti zake na asiyemwomba mtu ruhusa. Mathilde alisema wanawake wa kwetu lazima wakutane na mama huyo. Lakini katikati, muuza samaki anaingia dukani jioni na mlango unafungwa. Akifasiri mbele ya baba, Mathilde alifika hapo, akakohoa, akafunua kurasa kadhaa kwa pamoja, akaendelea.

"Mathilde," baba akasema. "Uliruka."

"Hapana, Papa."

"Mukate ilikuwa inapikwa ndani ya four. Sasa iko ku meza, na ule muntu wa samaki eko naikula bila shati. Alors, nani alitosha mukate mule ndani?"

Mathilde alitazama sakafu. "Papa, zile page ni za kusoma peke yako."

"Bon," akasema baba, akaomba chai.

Kesho yake kitabu hakikuonekana. Mathilde alipekua nyumba nzima. Mimi ndiye niliyempeleka baba kwa daktari mtaa wa Saint-Josse wiki hiyo, na tulipokuwa tukisubiri zamu akakitoa ndani ya koti, akavaa miwani, akaanza kusoma. Nikamuuliza ni kitabu gani.

"Ya mukate," akasema, bila kuinua uso.

Nilimsimulia Mathilde huku nikicheka hadi mbavu zinauma. Yeye hakucheka. Alikichukua kitabu kwa baba, akaenda kuleta kopo la nyuzi, akafunga uzi mwekundu pale mlango wa duka unapofungwa na mwingine pale mkate unapofika mezani. Kisha akamtumia Mwenze ujumbe wa sauti: ukifika uzi wa kwanza, ruka hadi wa pili, na anayetaka ya katikati aazime akasome kwake.

Nikamwambia amemrahisishia pasta kazi, aibu ameiwekea alama.

"Pasta naye ni muntu," akajibu. Lakini boksi alilifunga, akalifungua, akalifunga tena.

Pasta alirudisha vitabu vya paka upesi. Cha mjane alikaa nacho muda mrefu, hadi tukakata tamaa. Kisha akakileta mwenyewe maktaba, nyuzi zikiwa mahali pake, pamoja na ufunguo. Alisema tu kwamba duka la mikate ni kazi nzuri kwa wajane.

Wiki chache baadaye Mathilde akapata ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua. Aliufungulia jikoni kwangu.

"Mathilde mwanangu, ni mimi Antoinette. Nimeomba simu kwa jirani. Ile kitabu ya mukate ni muzuri. Lakini mimi sijue kusoma, na kumuuliza mukwe wangu nani alitosha mukate, siwezi. Sasa utume kitabu ya kufundisha kusoma, ya mandiko kubwa. Fanya haraka, mwanangu. Macho yangu inaanza kuzeeka."

Nilivaa koti langu twende kukitafuta kitabu hicho, kabla Mathilde hajanyanyua lake.