Maswali Kumi na Moja ya Mwenyekiti

Watu wa chama chetu cha maziwa hapa Mweiga walidhani Wamucii analipwa kutazama tivii. Alikaa mbele ya skrini tangu saa mbili asubuhi, hana kalamu mkononi, hana mteja mbele yake. Kwetu kazi isiyotoa jasho wala kujaza karatasi ni uvivu wenye mshahara. Mimi ni karani wa chama, nami nilimcheka.

Alizaliwa Gatitu, akasomea kompyuta Nyeri mjini, akaajiriwa kwetu kulinda sava, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za chama. Ndani ya sava hiyo kila ng'ombe wa eneo letu la Kieni ni nukta, na mistari inamuunganisha na baba yake, mama yake na boma lake. Tuliiweka baada ya kuzaliwa ndama dhaifu mwaka mzima. Kumbe tulikuwa tukiwapandisha mabinti kwa mbegu za baba zao. Tangu hapo mpandishaji, yule anayezunguka na mtungi wa mbegu kwenye pikipiki, alikuwa akiuliza kwanza kwa simu: huyu na huyu ni ndugu? Wamucii alikuwa akitazama orodha ya maswali yanayoendelea, nani kauliza nini, limechukua dakika ngapi, na kulikata lile linaloyakaba mengine.

Ila swali la mkubwa. Mburu, meneja wetu, alitoa waraka kwamba swali la mkubwa haliguswi bila barua yake ya ruhusa. Kwetu mzee akiongea hakatizwi, sawa. Lakini kuipelekea mashine heshima ya baraza la wazee ni upumbavu uliovaa tai.

Alhamisi moja saa nne nilikuwa kwa Wamucii nikileta karatasi, ndipo Simeon, mpandishaji wetu, akapiga simu kutoka Endarasha.

"Wamucii, hii simu inazunguka tu. Niko kwa Mama Ngendo. Ng'ombe yake iko joto tangu jana jioni, ikipita saa sita haitashika mimba. Imekataa mara mbili. Ikikataa leo ati inaenda kwa bucha."

Mama Ngendo ni mjane, na hana ng'ombe mwingine.

Wamucii alifungua orodha. Maswali kumi na moja, yote sawasawa, yote ya Mwenyekiti Mwai. La kwanza lilikuwa na dakika hamsini na mbili. Mzee alikuwa na wageni, akataka kuwaonyesha kizazi chote cha fahali wake Kamanda, hadi vitukuu na vilembwe, bila kikomo. Jibu lilipochelewa akabonyeza tena, na tena, kama mtu aliyebanwa akigonga mlango wa choo. Kila alipobonyeza lilizaliwa swali jipya.

Wamucii alikimbia kwa Mburu. Mburu akasema hawezi kuandika barua kama hiyo, ana watoto wa kusomesha. Basi Wamucii akaenda kwa mwenyekiti mwenyewe, nami nikamfuata nione kioja.

"Mzee, naomba nisimamishe ile kitu yako kidogo. Ng'ombe ya Mama Ngendo inangoja."

"Ng'ombe moja ndio inisimamishe mimi?" Mwai aliwatazama wageni ili wacheke, nao wakacheka. "Enda umwambie apange laini."

Wamucii alirudi, akaketi, akayakata yote kumi na moja. Jibu la Simeon likatoka papo hapo: mbegu aliyokuwa ameshaitoa mtungini ilikuwa ya Kamanda, na Kamanda ndiye baba wa ng'ombe huyo. Simeon akachukua ya fahali mwingine. Saa sita ilikuwa bado.

Ng'ombe alishika mimba. Mama Ngendo alikuja na nusu gunia la viazi kumshukuru Wamucii, asimkute kwenye skrini. Siku hizi Wamucii anapima maziwa huko nyuma ya ofisi. Kiti chake amekalia Wendy, mpwa wa mwenyekiti, ambaye hakati swali la mtu yeyote, na wapandishaji wamerudi kubahatisha.

"Nani alimtoa hapa?" Mama Ngendo aliniuliza.

Nilimwambia ni mwenyekiti. Ni kweli. Lakini barua iliyosema Wamucii alimvunjia mzee heshima mbele ya wageni niliichapa mimi, mimi niliyesikia kila neno la Simeon. Niliimaliza kabla ya chai, bila kosa hata moja.