Kiti cha Shahidi

Kama ungemwambia Gundi asubuhi ile kwamba jioni angekosa pa kuuweka uso wake, angekucheka na kuendelea kushona soli. Fundi viatu yule alikuwa na miaka hamsini na sita na mashaka machache sana. Kuhusu kaka yake hakuwa nayo hata chembe.

Siku hiyo alikuwa na zamu jukwaani. Kila mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi wa maktaba, watu husimulia visa vya kweli vya maisha yao, bila karatasi, dakika kumi basi. Wana sheria moja ambayo sijaiona kwingine: ukisimulia habari za familia, lazima uje na ndugu aliyekuwepo. Huyo hukalia kiti cha shahidi, ubavuni mwako, na ukimaliza hakuna anayepiga makofi mpaka mshereheshaji amuulize, "Ni kweli?" Waliiweka sheria hiyo baada ya bwana mmoja kumlilia jukwaani mkewe marehemu, huku marehemu mwenyewe kakaa safu ya tatu anatafuna karanga.

Gundi alimchukua kaka yake, mwalimu mstaafu, mtu wa koti na kalamu mfukoni. Wiki nzima mwalimu alitafuta visingizio, mara mgongo, mara mafua. Gundi aliona huo ni unyenyekevu tu.

"Kaka, leo nataka watu wakujue," alimwambia, akiwa karibu kumburuta.

Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mama yao alifariki Gundi akiwa mchanga, baba akaoa tena. Mchana mmoja, Gundi ana miaka minne, amelala chumbani, jiko la mafuta ya taa likalipuka na nyumba ikashika moto. Mama wa kambo, alisema, alitimua mbio bila kutazama nyuma. Aliyejitosa motoni na kumtoa ni kaka, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Jioni ile ile baba akamfukuza yule mwanamke.

"Mpaka leo anakaa mtaa wa pili," Gundi alisema, "na sijawahi kumpa salamu. Lakini huyu hapa! Kila pumzi ninayovuta ni yake."

Wala hakuwa akitia chumvi. Nyumba ya urithi alimwachia kaka yote, na mwanawe wa kwanza akampa jina la kaka. Mshereheshaji, dada mmoja mchangamfu, akageukia kiti.

"Mwalimu, ni kweli?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Si kweli."

Watu wakacheka, wakidhani ni masihara. Gundi naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

"Si kweli," mwalimu alirudia. "Jiko nililipindua mimi, nikilichezea. Moto ulipowaka nilikimbilia uani. Aliyeingia ndani ni mama mdogo. Alikutoa kakuzungushia shuka, akakuweka mikononi mwangu, akasema, 'Mshike mwenzio,' kisha akaenda mbio kumwita muuguzi. Baba alifika akanikuta nimekubeba. Akanikumbatia, akaniita shujaa. Majirani wakasema wamemwona mkewe akikimbia. Mimi nikanyamaza. Mama mdogo aliporudi na muuguzi, alikuta nguo zake zimetupwa nje, na baba hakutaka kumsikiliza."

Makubwa! Kuna mtu alidondosha chupa ya maji, ikabingirika chini ya viti na hakuna aliyeinama kuiokota. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa. Hii ilikwenda miaka hamsini na mbili.

"Kaka, unanitania," Gundi alisema.

"Sikutanii, mdogo wangu. Nilidhani nitaitikia tu yaishe. Ulivyomtaja vile kwa ubaya, nikashindwa."

Kwa mara ya kwanza maishani Gundi alitaka kumpiga kaka yake. Kwa mara ya kwanza pia alimwona ni mzee, kidevu kinamtetemeka. Hakumpiga. Alishuka jukwaani kuelekea mlangoni, kipaza sauti bado kimo mkononi, mpaka waya ulipomvuta nyuma.

Miguu ilimpeleka mtaa wa pili, kwenye mlango aliokuwa akiupita kila siku akitazama upande mwingine. Yule mama alifungua, ufagio mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamkagua juu mpaka chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaka amesema. Mbele za watu. Habari za ule moto, yote."

Gundi alitegemea machozi, au ufagio wa kichwa, na aliona anastahili vyote viwili. Mama alikasirika kweli, lakini si kwa jambo alilodhani.

"Kasema? Nani kamruhusu? Si aliniapia, hapa hapa kibarazani!"

Gundi alidhani mshtuko wa siku umekwisha.

"Wewe ndiye uliyemkataza?"

"Alikuja siku alipopata kazi ya ualimu. Analia, anataka aje akwambie. Nikamzuia." Aliuegemeza ufagio ukutani. "Baba yenu alishakufa. Mama yako humjui. Hukuwa na mtu mwingine duniani ila yule mvulana, na ulimpenda kupita kiasi. Mimi nilikwishazoea kuchukiwa. Sasa nikunyang'anye na kaka?"

Gundi alikaa chini pale pale mlangoni, mtu mzima yule, akalia kwa kwikwi, na mama akasogea akasimama mbele yake ili wapita njia wasimwone.