Kazi ya Kukaa

Wifi yangu hakai. Kwa dobi anakofanya kazi wamempa jina la Mnara, na si kwa urefu, maana hata mimi namzidi. Ni kwa kusimama. Anaingia asubuhi mashine za kufulia zikiwa bado baridi, anashika pasi, na mpaka jioni ni yeye, meza na mvuke. Mashati ya hoteli, mashuka ya zahanati, suti za mabwana harusi. Akirudi nyumbani amesahau kabisa matumizi ya kiti. Chai anainywa ameegemea friji. Ukimvutia kiti, anaweka mkono juu ya mgongo wa kiti kama mtu anayepigwa picha studio, na mazungumzo yanaendelea hivyohivyo.

Mimi ni mke wa kaka yake, na ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko sebuleni chini ya dirisha. Kwa hiyo nyumba hii ina mwanamke mmoja anayeshinda amekaa na mwingine anayeshinda amesimama, na mume wangu husema angetuchanganya apate mtu mmoja wa kawaida. Huo ndio mzaha wake. Hana mwingine, tumemsamehe.

Miguu ya wifi ikifika jioni imejaa kama mikate iliyoumuka. Nilikuwa namwekea beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, naye anayaingia akiwa wima, kashika ukuta.

"Wewe wifi, hata beseni linahitaji heshima ya kusimamiwa?"

"Nikikaa sinyanyuki, wifi. Niache."

Siku moja miguu ilimzidi, akaenda hospitali. Alirudi na vidonge, na juu ya vidonge akarudi na wazo. Kwenye dirisha la dawa alikuwa amemwona mama wa famasia.

"Amekaa, wifi! Kiti kirefu, kina mgongo, kinazunguka. Anasoma karatasi, anageuka, anachukua dawa, anageuka tena. Mshahara anaupata kwa kukaa."

Nilicheka nusura nijishone kidole. Yeye hakucheka. Wiki ileile alikwenda kuulizia chuo cha famasia.

Sasa mtihani wa kuingilia chuo ulikuwa na karatasi tatu. Hesabu hazikumsumbua, sayansi alikuwa anaikumbuka vizuri tangu shuleni. Kilichomkwamisha ni Kiingereza, na ndani ya Kiingereza ni kile wanachokiita ufahamu: unapewa kifungu cha habari, unasoma, unajibu maswali. Alijaribu mara ya kwanza, akaanguka. Akajaribu ya pili, akaanguka palepale. Na chuo hakipokei mtu aliyevuka miaka thelathini na mitano, umri ambao wifi alikuwa anaufikisha. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Akikosa safari hii, basi tena, ni yeye na pasi mpaka meno yang'oke.

Mume wangu akamtafutia kitabu cha mazoezi kwa wauza vitabu vya mitumba. Kilikuwa kimechakaa, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, lakini vifungu vilikuwamo, maswali yalikuwamo, na majibu yalikuwa nyuma. Tatizo ni kwamba jioni wifi huwa na nguo za majirani za kunyoosha, na huwezi kushika pasi ya moto na kitabu kwa pamoja. Tukagawana kazi. Yeye ananyoosha, mimi nimekaa na kitabu nasoma kwa sauti, kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi ambacho Waingereza wenyewe wangeomba mkalimani.

Mwanzoni nilisoma na vifungu vyenyewe. Jamani, ilikuwa kazi! Sentensi inaanza ukurasa huu, inaishia sijui wapi, mimi ulimi unauma, wifi anaunguza kola. Baada ya jioni chache tukaona vifungu vinatupotezea muda. Mtihani unauliza maswali, si ndiyo? Basi twende kwenye maswali. Nasoma swali, nasoma majibu ya kuchagua, anachagua, nachungulia nyuma, namwambia amepata au amekosa. Akikosa, tunarudia.

Mtu asiyeijua kazi ya pasi atatuona wajinga. Lakini shati linanyooshwa kwa mpango: kola, mabega, mikono, mbele, mgongo. Ukishazoea huliangalii, mkono unakwenda wenyewe. Wifi alikwenda na kitabu namna hiyo. Miezi ikapita, ikafika mahali naanza tu kusoma swali, yeye kashajibu.

"Kile cha reli," namwambia.

"B, A, D, D, C," anasema, na kila herufi ni mkokoto mmoja wa pasi.

"Kile cha nyuki."

"C, C, A, B, D. Nipe maji ninyunyize hapa."

Nilifurahi sana, sisemi uongo. Nilimwambia mume wangu dada yake sasa Kiingereza anakimeza kama uji. Na wifi naye kwa mara ya kwanza nikamwona na uso wa mtu mwenye mahali pa kwenda, ingawa uchovu ulikuwa uleule. Kuna jioni alisinzia wima, pasi mkononi, midomo bado inasema D, D, C. Nilimpokonya pasi kabla hajaunguza gauni la watu.

Siku ya mtihani tajiri wake alimpa ruhusa shingo upande: aje kwanza alfajiri amalize mashuka ya hoteli, ndipo aende. Akamaliza mashuka, akaenda. Mimi nilishinda nashona pindo moja na kulifumua.

Aliporudi alisimama mlangoni, mkoba begani. Akaja akaegemea friji, nikammiminia chai, akaishika bila kuinywa.

"Kile cha reli kilikuja," akasema.

Nilipiga kigelegele kifupi. Akaniinulia mkono ninyamaze.

Alisema alikitambua alipokiona tu. Habari ileile, mistari ileile ya mwanzo. Hakupoteza muda. Akaandika B, A, D, D, C, akanyoosha miguu chini ya dawati, akajisikia bibi harusi. Halafu akaona swali la sita. Kitabu chetu kilikuwa na maswali matano tu. La sita lilihusu baiskeli.

"Nikajiuliza, wifi, baiskeli imetoka wapi kwenye reli? Nikarudi swali la kwanza, nikalisoma. Silo. La pili silo. Kifungu ni kilekile, maswali wamebadilisha yote."

"Ukafanyaje?"

"Nikafuta. Nikaanza kukisoma."

Na hapo uso wake ukabadilika, ukawa mlaini kwa namna ambayo sikuielewa. Nilikuwa nataka kujua kajibu nini. Yeye akaanza kunisimulia.

Kumbe ni habari ya mzee mmoja aliyekuwa anafunga lango pale barabara inapokatiza reli. Kila asubuhi anaamka, anachukua kibendera chake, anafunga lango, anasimama wima kusubiri treni ya asubuhi ipite. Sasa treni walishaihamisha. Wamejenga njia nyingine ng'ambo ya vilima, na ofisini wakamsahau, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mzee anafunga lango, anasimama mpaka jua linachoma, anasema leo imechelewa, anafungua. Kesho yake tena. Watu wa pale wanajua yote. Wanasimama mbele ya lango na mikokoteni yao, wanamsubiri bila neno, kwa sababu kila mmoja anaona aibu kuwa ndiye wa kumwambia.

"Yote hayo umeyasoma mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mwenyewe. Polepole, lakini yote. Nilielewa kila kitu, wifi. Sijawahi kuelewa Kiingereza hivyo."

"Na majibu?"

"Subiri kwanza. Siku moja anakuja msichana na baiskeli. Anasimama langoni kama wengine. Anamtazama yule mzee, halafu analaza baiskeli chini, anamwendea, anamtoa kile kibendera mkononi. Anamwambia, 'Kaa kwanza, mzee.'"

Akaweka kikombe juu ya friji.

"Enhe?"

"Basi. Karatasi ikaishia hapo. Nikageuza, nakuta habari za kutengeneza chumvi. Nikasema wamesahau ukurasa. Nikanyoosha mkono, msimamizi akaja, nikamwambia samahani mwalimu, yangu imepungua ukurasa, mzee ameachwa pale langoni. Akasema, 'Hakuna kilichopungua, mama, jibu maswali.' Nikarudi kusoma, labda nimeruka mahali. Nikasoma tena tangu mwanzo. Kengele ikalia."

"Ukiwa umejibu mangapi?"

"Mawili. Matatu, kama lile la baiskeli ni sahihi."

Nilipandwa na hasira, acheni tu. Nikamwambia, wewe mwanamke una akili? Umeamka alfajiri, umenyoosha mashuka ya watu, umekwenda kwenye mtihani wa maisha yako, ukakaa unasoma hadithi? Nikasema na mengine ambayo hayana haja hapa. Aliniacha niishiwe pumzi, kisha akachukua kitabu chetu, akafungua kile cha reli. Kilikuwamo chote: mzee, kibendera, mikokoteni, msichana. Tulikaa nacho kwenye meza hii miezi yote ile hatujui hata kama kuna mzee. Na chenyewe kiliishia palepale.

"Hata huku wamemwacha," akasema. Akaenda kuwasha pasi.

Matokeo yalipotoka alikuwa zamuni, nikaenda mimi. Nilisimama kwenye foleni ya chuo na mkoba wangu, nikijipa moyo kwamba huenda hesabu na sayansi zikambeba. Karani wa dirishani, kijana mwenye adabu, akatafuta jina, akaniambia hesabu amefanya vizuri sana. Sayansi vizuri sana. Kiingereza hakufikisha.

"Ni wako?" akauliza.

"Wifi yangu."

"Mwambie asikate tamaa. Aje mwakani."

"Mwakani umri umempita."

Akatazama karatasi yake tena, akasema pole. Nilimshukuru. Sikuwa na la kumlaumu, na ningetamani sana mtu wa kumlaumu.

Nilirudi kwa miguu, nikizunguka mitaa isiyo na sababu. Nilipanga maneno. Nilipofika kwenye kona yetu nilikuwa nimeyapoteza yote.

Wifi alikuwa amesharudi kutoka kazini. Kasimama pale mezani kwake kando ya cherehani yangu, ananyoosha shati jeupe la jirani, kola, mabega. Miguu imejaa. Mume wangu aliponiona usoni alielewa, akajidai anatafuta kitu jikoni, mwanamume mzima akajificha nyuma ya mlango wa kabati.

Wifi hakuinua macho.

"Nimekuwa nikiwaza kutwa," akasema. "Yule mzee. Unadhani yule msichana alimwambia kweli? Au na yeye aliona aibu, akamrudishia kibendera?"

Nikaweka mkoba chini. Nikavuta kiti changu cha cherehani, kile chenye mto, nikakisogeza nyuma yake. Nikamshika mkono, nikamtoa pasi mkononi.

"Kaa kwanza, wifi," nikasema.

Alikitazama kile kiti. Kisha akakaa.