Siku Tisa Bila Akida

Kabla ya vita, Shemweta alikuwa akiingia uani kwetu Kwamndolwa bila hodi. Asubuhi moja alimkamata jogoo wa baba, akambana kwapani, akaanza kuondoka naye polepole ili aonekane vizuri. Nilimfukuza na mwiko. Akaniambia Wazigua hatujui kufuga, tunajua kula tu. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini, na jogoo hakurudi. Yeye Msambaa wa Vugiri, sisi Wazigua. Tulikuwa watani, na mtani akichukua chako huna pa kumshtaki. Wiki iliyofuata baba alipanda Vugiri, akarudi na mkungu wa ndizi ambao hakumwomba mtu.

Akida wa Wajerumani hakuupenda mchezo ule. Aliuita wizi unaochekewa.

Vita vilipotufikia, mume wangu alichukuliwa kubeba mizigo kuelekea Handeni. Sikumwona tena. Askari wakala mahindi yetu, wakachinja mbuzi wetu, akabaki jike mmoja aliyekuwa kichakani. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa njaa, na mwanangu Zaina alikuwa na miezi mitano. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa akimnyonyesha, kwa kweli.

Kisha Wajerumani wakaondoka, na akida akawafuata. Alipokuwa akifunga sanduku lake alitutazama tuliosimama barabarani.

"Sasa mtaona," alisema. "Bila serikali mtatafunana wenyewe."

Nilichukia maneno yale. Babu zetu waliishi hapa bila akida, wakaoana, wakalima, wakasuluhishana. Nilidhani tutapumua.

Waingereza walichelewa siku tisa. Siku ya pili muhogo wa jirani uling'olewa. Siku ya tatu jirani huyo alinitazama mikono, kama vile udongo wa shamba lake ulikuwa kwenye kucha zangu. Nami nikaanza kutazama mikono ya wengine. Tuliacha kusalimiana kwa kirefu. Mtu akikuuliza umeamkaje, unajiuliza anataka kujua nini. Moshi wa jikoni tuliuficha, maana ulisema una chakula.

Siku ya sita, jua likiwa la utosi, nilitoka jikoni nikamwona Shemweta anafungua kamba ya mbuzi.

Alikuwa amekonda. Begani alikuwa na kamba nyingine.

Hakuwa anacheka.

Nilimjua. Hilo nalisema wazi, kwa sababu baadaye watu walinisaidia kusema sikumjua. Nilimjua, na nilipiga kelele: "Mwizi!"

Baba alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuja mbio na mpini wa jembe. Alimwona mtu kwa nyuma tu, na mbuzi anavutwa. Akapiga.

Shemweta aligeuka. Damu ilikuwa ikimshuka sikioni.

"Leo umezidisha, mtani," alisema, akakaa chini.

Baba aliutupa mpini. Tulimlaza kivulini, nikamfunga kichwa kwa kanga yangu. Hakuzungumza tena. Alifariki kabla ya alasiri.

Mfukoni mwake tulikuta tumbaku iliyosokotwa, ya aina aliyopenda baba. Majirani walisema hata mwizi hubeba tumbaku. Walisema pia kamba ile ya pili ni ushahidi. Mimi nasema alikuwa na kamba begani maisha yake yote, alikuwa mtu wa kubeba mizigo. Lakini hakuwa anacheka. Mpaka leo sijui, na hilo linaniuma kuliko kama ningejua.

Ndugu zake walikuja kumchukua. Hawakuuliza kitu, walishaona kichwa. Baba akawafuata mpaka Vugiri, nami nikamfuata nikiwa na Zaina mgongoni. Kwetu, mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akagoma kutoka mpaka wafiwa wamlipe chochote huku wakitukanana na kucheka. Baba aliingia. Alilala chali, mikono kifuani, akasubiri.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyempa hata punje ya mahindi. Walisimama wakimtazama, na koleo mikononi.

Alikaa humo muda mrefu. Kisha akatoka mwenyewe, akiparamia udongo, na mzee wangu yule hakupewa mkono na mtu.

Tuliporudi nyumbani mbuzi hakuwepo. Sikuuliza. Zaina aliishi kwa uji wa muhogo, na ni majaliwa tu.

Waingereza walipofika walileta mkubwa mpya. Alikaa kwenye kiti kile kile cha akida, akauliza kama kuna kesi. Tulitazamana. Tukasema hakuna.

Sikubali kwamba akida alisema kweli juu yetu. Lakini mimi ndiye niliyempa ushahidi.

Baba aliendelea kufuga majogoo mpaka alipofariki. Kila siku ya gulio aliwafungulia, akakaa mlangoni akitazama njia ya Vugiri. Walizeeka wote uani. Hakuna aliyekuja kuwachukua.